Siku Musafiri Alipojificha Ndani ya Pamba

Kwanza niwataje waliokuwepo, asije mtu akasema Feza kamruka. Alikuwepo Babu Sumaili, baba wa baba yangu, askari wa zamani aliyekwenda vita ya Tabora akarudi na mguu mmoja mzito na maneno mengi. Alikuwepo Bibi Mosi, mke wake, mzaliwa wa vijiji vya Kabambare, ambaye Babu alimuoa akamleta Kasongo mjini angali msichana. Alikuwepo Shangazi Mwayuma, kitinda mimba wao, dada wa baba yangu. Watoto tulikuwa wanne: mimi Feza, Amisi, mtoto wa baba yangu mkubwa, Sefu wa nyumba ya pili, ambaye baba yake alikuwa mwadhini, na Tabu, Mkristo peke yake kati yetu, binti wa mpishi wa misioni. Na alikuwepo Musafiri, kapita, yaani msimamizi wa ghala, aliyetaka kumuoa shangazi yangu. Bila yeye nisingekuwa na la kuandika.

Enzi zetu, nyinyi wa rika langu mnajua, mtoto wa Kasongo hakuuliza acheze na nini. Tulicheza mpira wa majani makavu ya mgomba, tukaruka kamba mpaka vumbi likatupaka miguu, tukakimbilia chuoni kusoma Kurani na mbao zetu zikinuka wino wa masizi. Mchele mpya ukitwangwa, mtaa mzima ulinukia. Jioni sombe, majani ya muhogo, ikichemka kwa mawese kila nyumba, Sefu alikuwa anapita njiani na kutangaza bila kuchungulia mahali: "Kwa Mama Zuwena leo kuna samaki wa ndagala. Kwa Mama Salima wameunguza." Na kweli, Mama Salima anatoka na chungu cheusi mkononi, anamtukana. Mtoto wa leo ukimuuliza nyumbani kwao kumepikwa nini, anakuambia ngoja nipige simu niulize.

Basi, mambo haya yalianza na karanga. Musafiri alikuwa kapita wa Mgiriki mmoja aliyenunua mchele na pamba, maana wakati ule wa Wabelgiji kila kijiji kililima pamba, upende usipende. Alikuwa kijana wa kutazamwa: baiskeli yenye taa na kengele, malineti meusi, miwani ya jua, usoni hata jua likiwa limeshazama, nywele zimepasuliwa njia katikati. Alipoanza kuja barazani kwetu kwa ajili ya shangazi, alituletea sisi watoto karanga zilizofungwa kwa karatasi za gazeti la Wazungu. Gazeti lenyewe lilikuwa la picha tupu, watoto wa yule Mgiriki walilisoma wakalitupa. Karanga tulizila, karatasi tukazinyoosha.

Wenzangu, tuliyoyaona mle! Kulikuwa na mzee wa Kizungu mwenye mvi, kovu shavuni, koti refu mpaka chini. Nyuma yake vijana wadogo, umri wetu. Mmoja anapita ndani ya ukuta kama moshi. Mmoja anainua motokari kwa mkono. Msichana mmoja macho yake yanatoa mwanga, anaona mpaka ndani ya sanduku lililofungwa. Mzee mwenyewe hana nguvu yoyote, ananyoosha kidole tu, vijana wanaruka kwenda kupeleleza maadui. Na kwa kuwa karatasi zilikuja zimechanganyika, mtu aliweza kufa leo, kesho ukamkuta anakunywa kahawa.

Tulimpelekea Babu atusomee. Kifaransa cha Babu kilikuwa cha amri za jeshini: gardavu, silansi, ana-van marsh. Lakini alivaa miwani yake, akasafisha koo, akasoma.

"Hapa muzee anawaambia: watoto, adui amejificha nyuma ya mulima. Nao wanamujibu: ndiyo, ajida."

Ajida ni cheo cha jeshini, na kila mtu katika gazeti lile alijibu "ndiyo, ajida". Hata mwanamke aliyekuwa amefungwa kamba mdomoni alijibu "ndiyo, ajida". Tabu, aliyesoma kwa masista na herufi alizijua, akasema kwa adabu kwamba hapo pameandikwa habari ya treni.

Babu akamtazama juu ya miwani. "Treni iko nyuma ya mulima."

Bibi Mosi alikuwa pembeni anapepeta mchele kwenye ungo. "Sumaili, acha kudanganya watoto. Kule Tabora ulikuwa unabeba masufuria ya Muzungu."

"Na ndani ya masufuria kulikuwa nini?" Babu akauliza.

"Kulikuwa nini?"

"Siri."

Sasa mnielewe, Babu hakuwa anacheza. Alikuwa na jambo lililomnyima raha. Shangazi Mwayuma alikuwa ameshaolewa mara moja, Nyangwe, kwa mtu ambaye Babu mwenyewe alimkubali kwa sababu alizungumza vizuri. Shangazi alifika kule na mikeka yake na vyombo vyake, akakuta mlangoni mwanamke mwingine na watoto, anamuuliza: "Weye ni mugeni wa nani?" Kuoa mke wa pili si kosa, dini yetu imeruhusu. Kosa ni kuficha. Shangazi yangu alirudi Kasongo na mikeka ileile kichwani, na tangu siku hiyo sikumsikia akicheka. Alimwambia Babu neno moja tu: "Baba, nitaolewa utakaposema. Lakini sitaingia tena ndani ya nyumba ya mutu kama kipofu."

Musafiri alipoleta posa aliapa kwamba hana mke, hajawahi kuwa naye. Kama ilivyo desturi, wazee wetu wawili walitumwa kwao, upande wa Lusangi, kuulizia. Walichinjiwa mbuzi. Waliporudi tuliwauliza habari za Musafiri, wakatueleza habari za mbuzi. Alinona, alikuwa na pilipili ya kutosha. Kwa hiyo siku ya kupokea mahari ikapangwa, na Babu akawa halali vizuri, anageuzageuza zile karatasi za picha.

Asubuhi moja akatupanga uani kwa mstari. "Gardavu! Wazee wamekula mbuzi, hawakuona kitu. Nyinyi mutaona." Akatugawia nguvu zetu kama anavyogawa bunduki. Amisi alipewa masikio, maana alikuwa nayo makubwa tayari. Sefu akapewa pua. Tabu akapewa machozi, kwa sababu aliweza kulia wakati wowote, hata akiwa ameshiba. Mimi akaniambia: "Feza, weye unashika majina. Kila mutu anayezungumza na Musafiri, niletee jina lake na jina la mama yake." Nikajisikia kama yule msichana wa macho ya mwanga.

Siku za kwanza hatukuleta cha maana. Sefu aliripoti kwamba Musafiri anaoga kwa sabuni ya Wazungu, na chakula chake cha mchana kina vitunguu vingi. Amisi alilala chini ya sakafu ya mbao ya ghala nusu siku akasikia Musafiri akiimba, na akasema anaimba vibaya. Tabu alitumwa akalie mbele yake ili tujue kama ana moyo. Alilia vizuri sana. Musafiri akampa biskuti. Tabu aliporudi akamwambia Babu: "Yule ni mutu muzuri kabisa, shangazi aolewe hata leo," na makombo yako kwenye kidevu. Babu akasema katika jeshi mtu kama huyo anafungwa. Tabu akaanza kulia, safari hii kwa kweli, Bibi Mosi akampa kipande cha muhogo.

Ikafika siku ya soko la pamba. Watu walitoka vijijini na vikapu vyao, njia yote nyeupe kwa nyuzi zilizopeperuka, utadhani kumenyesha sufi. Mbele ya ghala kulikuwa na lundo la pamba refu kuliko nyumba yetu, na Musafiri amesimama kando ya mizani, malineti usoni, anaita watu kwa kidole. Sisi wanne tulikuwa nyuma ya magunia ya mchele. Amisi alisimamisha masikio.

Mara akatokea mwanamke mmoja mzee upande wa barabara ya Lusangi, kikapu kichwani, anatembea polepole na wenzake. Musafiri alikuwa katikati ya maneno. Alimwona. Maneno yakamkatikia mdomoni. Akatazama kushoto, kuna ukuta. Akatazama kulia, kuna Mgiriki. Basi, wenzangu, yule kijana wa nywele za katikati akageuka akaruka ndani ya lile lundo la pamba, kichwa kwanza, akachimba kama panya, tukabaki tunaona viatu tu. Halafu viatu navyo vikaingia.

Tulicheka mpaka Sefu akapigwa na kwikwi. Lakini mimi nilikuwa na kazi yangu, nikaendelea kumtazama yule mama. Naye alikuwa amesimama ghafla. Alivuta kitambaa cha kichwa akafunika uso, akawapa mgongo wale waliokuwa kwenye mizani, akaondoka kiubavuubavu akipita mbali, kikapu chake hakijapimwa. Mwenzake akamwita: "Mama Nyota! Mama Nyota, unaenda wapi?" Akaongeza mwendo. Alipopotea, Musafiri akatoka. Alikuwa mweupe kuliko Mgiriki. Malineti yake hayakuonekana tena mpaka pamba ilipofungwa marobota.

Tulikimbia nyumbani kila mmoja anataka kuwa wa kwanza kusema. "Babu! Musafiri anaogopa kizee! Ameingia ndani ya pamba!"

Babu akasimama. Akachomoa karatasi moja kutoka chini ya mkeka, yenye picha ya mwanamke mzee aliyefunika uso. "Nilijua. Huyu hapa. Ni mupelelezi wa adui. Na Musafiri ni mwoga. Mutu mwoga hawezi kuoa kwangu. Lakini kwanza tutamukamata kizee." Akaanza kupanga: Amisi juu ya paa, Sefu kwenye migomba, mluzi mmoja ni adui amekuja, miluzi miwili ni adui amekwenda.

Shangazi Mwayuma alikuwa anasuka mkeka, hakuinua macho. "Baba, mutu kuogopa kizee si kosa. Hata weye unamuogopa mama."

Bibi Mosi aliweka ungo chini. "Feza. Na yule mama alifanya nini?"

"Alifunika uso, Bibi. Akatoa mugongo. Akapita mbali."

"Hawakusalimiana?"

"Hapana."

"Walimuita nani?"

"Mama Nyota. Alitoka njia ya Lusangi."

Bibi Mosi akachezea punje ya mchele kwa vidole. Sisi wa mjini tulimheshimu mama mkwe, ndiyo, mtu anamsalimia kwa mbali, anainamisha kichwa, yamekwisha. Lakini kule vijijini kwao Bibi Mosi, Lusangi ikiwemo, mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mwanaume na mama wa mke wake hawaonani uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini, mwingine anageuka. Hata mvua inyeshe, hata njia iwe na siafu.

"Ule si woga," Bibi akasema. "Ule ni ukwe."

Mkeka wa shangazi ulisimama. Hakuna aliyepiga mluzi.

Babu akawa wa kwanza kusema, na alisema taratibu sana. "Mosi, una hakika?"

"Sina. Anaweza kuwa anamuogopa kwa jambo lingine. Mumpokee na mahari yake siku ile ile. Hakuna kubadili kitu." Akarudia kupepeta. "Nami nitamualika mutu wa kwetu aje kula."

Watu wa pamba walikuwa hawaondoki upesi, walikaa wakingoja zamu ya mizani. Bibi alikwenda mwenyewe akamtafuta Mama Nyota, kwa jina nililoleta mimi, wakaongea lugha yao, wakakuta wanajuana kwa mashamba. Hakumuuliza kitu. Alimwambia tu, dada yangu, siku fulani njoo ule wali kwangu, hapa mjini hakuna wa kuongea naye.

Siku ikafika. Babu alivaa koti lake la jeshi lililokosa vifungo. Amisi yuko juu ya paa, Sefu ndani ya migomba, Tabu mlangoni tayari na machozi kama yatahitajika. Mchele ulinukia mpaka barabarani. Mama Nyota alikuwa ameketi uani, sahani mapajani, anamsimulia Bibi habari za nguruwe wa porini wanaokula muhogo. Shangazi yuko ndani nyuma ya pazia, na mimi pamoja naye. Mkono wake ulikuwa umeshika wangu.

Kengele ya baiskeli ikalia. Amisi alisahau kama ni mluzi mmoja au miwili, akapiga mingi kama ndege. Wazee wa upande wa Musafiri waliingia kwanza, wamebeba vitu vyao vichwani, wanasalimia. Musafiri akaja nyuma anasukuma baiskeli, malineti mapya. Akavuka mlango wa ua. Akainua uso.

Nimeona watu wakikimbia nyoka, nimeona watu wakikimbia askari wa kodi. Sijaona mtu akikimbia vile. Hakugeuza baiskeli, aliiacha isimame peke yake, ikasimama kidogo kwa mshangao, ikaanguka. Yeye aliingia kwenye migomba akamkanyaga Sefu. Sefu akalia, Tabu akadhani ndiyo zamu yake naye akalia. Katikati ya makelele yale Mama Nyota ameshamwaga wali, amegeukia ukuta, kitambaa mpaka kwenye shingo.

Bibi Mosi akauliza, kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Dada yangu, mbona unatazama ukuta? Kuna nini?"

Na Mama Nyota akajibu, akiwa bado ameugeukia ukuta, kwa aibu ya kweli: "Munisamehe. Mukwe wangu iko pale."

Wazee wa Musafiri walitazama chini. Mmoja wao, namkumbuka, Mzee Asumani, alikuwa ameshachota tonge la wali, akaona bora alile kabla hajaulizwa. Musafiri hakurudi kutoka migombani. Niwaambie, kwa hilo nilimheshimu Musafiri kidogo. Alimdanganya Babu, alimdanganya shangazi, aliwadanganya wazee wetu na mbuzi juu yake. Lakini kumpita mama wa mke wake uso kwa uso, hapana, uongo wake haukufika huko.

Tulingoja Babu angurume. Alikuwa na haki, na koti alilivaa. Lakini alivua miwani, akaiweka mfukoni, akageukia pazia. Akafanya jambo ambalo sikuwahi kuona mzee wa wakati ule akilifanya mbele za watu.

"Mwayuma, mwanangu. Weye unasema nini?"

Mkono wa shangazi ukatoka kwenye wangu. Alikwenda kwenye sanduku lake, akatoa kikwembe, kitenge ambacho Musafiri alimletea wakati wa posa, chekundu chenye maua, bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani. Akatoka nacho nje. Akapita mbele ya wale wazee bila haraka, akamwinamia Mama Nyota pale ukutani, akamwekea mikononi kutoka nyuma.

"Mama, mupelekee Nyota. Mumuambie ni kipya, sijakivaa."

Mama Nyota akakipapasa bila kugeuka. "Mwanangu," akasema, "mutoto wake anaanza kutembea. Tulikuwa tunauliza baba yake anarudi lini."

Shangazi akamtazama Sefu anayetoka migombani na alama ya kiatu mgongoni, na Amisi juu ya paa hajui ateremkie wapi, na Tabu bado analia maana hakuna aliyemwambia aache. Akacheka. Wenzangu, alicheka mpaka akakaa chini, na Bibi Mosi akacheka, na Babu naye akaanza, koti linamtikisika. Mahari ilirudi ilikotoka. Baiskeli aliifuata mtu mwingine.

Baadaye shangazi aliolewa na fundi wa kushona wa hapohapo Kasongo, mjane mpole. Fundi alituambia mama mkwe wake wa zamani, mama wa marehemu mkewe, naye ameshafariki. Babu alituchukua sisi wanne kwa mstari, tukaenda kuliona kaburi kwa macho yetu, tuhakikishe.

Leo mjukuu wangu yuko Kindu, anachumbiwa na kijana aliyemwona kwenye simu. Ananiita koko, yaani bibi, ananionyesha: "Koko, angalia, nimemuchunguza yote. Hapa yuko kazini, hapa anakula, hapa iko na rafiki zake." Picha nyingi, kila moja anacheka. Namuuliza, amekuonyesha anavyopita barabarani siku ya soko? Ananicheka. Vijana hawa wana macho ya mwanga kweli, wanaona mpaka Ulaya, ila mtu aliyejificha kwenye pamba mbele yao hawamwoni. Na desturi zenyewe zimelegea: mkwe siku hizi anakaa kiti kimoja na mama mkwe wanatazama mpira. Ni vizuri, wanapendana, sikatai. Lakini akidanganya, nani atamkimbiza?

Babu hayupo, Bibi Mosi hayupo, Shangazi Mwayuma tulimzika juzi juzi tu, na wanawe walilia vizuri. Amisi nasikia yuko Kabambare, masikio sasa hayasikii. Yeye anadai kikwembe kilikuwa cha bluu, na kwamba mzee aliyekula tonge ni Ramazani, si Asumani. Mimi nasema chekundu, nasema Asumani. Kama uko hai, na ulikuwepo uani siku ile, au mama yako alikusimulia, niambie nilipokosea. Nitarekebisha. Chekundu tu ndicho sitabadili.